Koo Langu Kwenye Kioo cha Daktari

Habari za msiba zilinikuta kwa kinyozi, Sokon I hapa Arusha, nusu ya kichwa imenyolewa. Daktari wetu wa maabara amefariki nyumbani kwake Nkoaranga. Nilimwambia kinyozi aache kwanza, nikakaa hivyo hivyo na shuka shingoni. Nyinyi mnaonisoma mmenizoea nikigombana na wakubwa kuhusu barabara. Leo nivumilieni, namlilia mtu ambaye wengi wenu hamkupata kumwona. Kazi yake ilikuwa kupokea vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kuvigandisha katika nta, kuvikata vyembamba kuliko karatasi, kuvilaza juu ya kioo na kuvitazama kwa hadubini ili aseme ni ugonjwa gani. Alirudi nyumbani miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kufungua hospitali na maabara, mji ukajaa mabango ya MAJIBU LEO LEO. Yeye bango lake lilikuwa na jina na saa za kazi, basi.

Urafiki wetu ulianzia kooni. Nilikatwa mafindofindo ukubwani, jambo la aibu kidogo kwa mtu mwenye ndevu, naye akaja wodini kuniomba niyaache kwake. Nikamuuliza, kwa sauti ya kukwaruza, kama anataka kuyapika. "Nataka shahidi," akasema. Akanieleza kwamba mwilini kuna askari waitwao seli T, na kila askari amebeba protini ya kumtambulia adui. Kuna kingamwili, dawa ya chupa ndogo kutoka Ulaya, inayoinasa protini hiyo, kisha kinyama kinageuka kahawia pale askari walipo. Mafindofindo ya mtu yeyote yamejaa askari hao. Kwa hiyo juu ya kila kioo cha mgonjwa alilaza pia kipande cha koo langu: langu lisipogeuka kahawia, dawa ni mbovu, na jibu la mgonjwa halifai kutolewa.

Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri tukanywe chai, akaingia muuza ndizi wa kule Maji ya Chai, mama mwenye uvimbe shingoni, pamoja na kaka yake. Madaktari wa hospitali walikuwa wanangoja jibu ili wachague dawa, maana uvimbe unaotokana na seli T una dawa zake na wa aina nyingine una zake. "Shikamoo daktari," akasema kaka mtu. "Tumefuata majibu." Daktari akaitikia, akawakalisha. "Kinyama cha dada yako hakikushika rangi," akasema. "Ningeweza kuandika kwamba si seli T, mkaenda zenu. Lakini hata koo la huyu bwana hapa halikushika rangi, na hilo ninalijua. Sina jibu."

Kaka mtu alikasirika, na sikumlaumu. "Kule barabarani wanatoa leo leo, mzee. Dada yangu hana muda wa kupoteza."

"Najua hana. Ndiyo maana sitaki aupoteze kwa dawa isiyo yake."

Mama alikuwa akimtazama daktari muda wote ule. "Nitangoja," akasema. "Ila usinifiche kitu."

Baadaye tulijua kilichotokea. Mpokea mizigo wa stendi, kwa wema wake, aliona kifurushi chenye ile chupa ya kingamwili kimeandikwa kitunzwe kwenye baridi, akakipeleka kwenye friza ya bucha ya jirani, kikalala na maini ya ng'ombe. Kwetu kitu cha thamani kikitakiwa baridi, tunakigandisha kabisa. Dawa ile ikiganda inakufa. Daktari hakumfokea, alimshukuru, akamwomba safari nyingine atumie friji ya soda. Kisha akapanda basi mwenyewe hadi Moshi kwa mwenzake, akarudi amepakata chupa nyingine ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Safari hii koo langu likageuka kahawia, na kinyama cha mama kikageuka vilevile. Habari ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa ya kweli, na dawa ikafuata ukweli huo.

Mimi si katika wanaolilia zirudi foleni za sukari za zamani. Bila soko huria chupa ile isingefika Arusha. Lakini tulizoea upesi kulipenda jibu kwa sababu limewahi, na nilimwona akipoteza wateja waliokwenda kwenye mabango. Iliniuma, na sasa inaniuma zaidi. Yeye alikuwa akisema tu kwamba kutoona kitu na kitu kutokuwepo ni mambo mawili, halafu anarudi kwenye hadubini yake.

Tulipomzika Nkoaranga, kati ya migomba na kahawa yake, mama mmoja alinisogelea akiwa na mkungu wa ndizi za wafiwa. Kovu la shingoni lilinikumbusha yule muuza ndizi kabla hajasema. Alinishika mkono. "Wewe ndiye mwenye lile koo," akasema. "Asante." Nikampokea mkungu. Miaka yote hii ninaishi kwa kusema, na siku koo langu lilipomfaa mtu kuliko siku zote ni ile lilipokaa kimya juu ya kioo, bila kushika rangi, na yule tuliyemzika akakubali kuusikiliza ukimya huo.