Redio ya Mama wa Matulo

Simu zenye redio zilipoanza kuonekana Kitale, nilijinunulia moja, na tangu siku hiyo sikushiriki mbio bila visikizi masikioni. Kukimbia kimya kulinichosha kuliko vilima. Ndiyo maana, katika mbio za kutoka Webuye hadi Bungoma, nilishindwa kumwelewa mama mmoja aliyeniganda mgongoni kuanzia pale Matulo. Hakuwa na redio wala saa, na hakutaka kunipita wala kubaki nyuma. Nikiongeza mwendo, yupo. Nikipunguza, yupo. Alinikera, sifichi, lakini zaidi nilitaka kujua kichwani mwake kulikuwa na nini muda wote huo.

Tulipokaribia mji, tukipanda kilima, wimbo nilioupenda ukiwa umekolea, alinipita kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa jikoni. Sikumwona tena hadi mwisho, nilipomkuta ameketi kwenye nyasi akinywa uji.

“Hongera, mama,” nikamwambia. “Lakini mbio ndefu hivi, bila muziki, wewe huwa unasikiliza nini?”

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomoza wapi.

“Si nilikuwa nasikiliza wewe! Hiyo pumzi yako, bana, ilikuwa inaongea tangu Matulo. Kufika pale kwa kilima ikaanza kukatika, nikajua huyu sasa amekwisha. Nikaenda.”

Kisha akavitazama visikizi vilivyoning’inia shingoni mwangu, naye pia akataka kujua.

“Kwani wewe mwenyewe hukuisikia?”