Nilivyopeleka Msiba Kibondo

Kabla ya mwaka ule safari yangu ndefu ilikuwa Muheza hadi Korogwe, na nayo nilirudi siku hiyohiyo kwa kuogopa kulala kitanda cha watu. Lakini baba alipofariki mama alikataa kuvunja matanga. Alisema mumewe ana ndugu huko Buha, upande wa Kigoma, ambao hawajamlia. Baba alikuja mkongeni kama manamba angali kijana, na habari za kwao hakuzisema hata akilewa. Aliacha kipande chake cha kazi tu: Bihagaze bin Rubuye, wilaya ya Kasulu, na jina la jumbe lililofutika nusu.

"Wewe ndiye uliyesoma," mama akaniambia. Nikajutia kidato cha nne.

Siku ya nne nilifika Kasulu. Treni ilinishusha Kigoma kwenye joto, kisha basi likapanda milima, na hakuna aliyenionya kwamba huko juu watu huvaa sweta. Niliingia bomani natetemeka, karani akadhani naiogopa serikali. Alikuwa Mpare aliyehamishiwa huko, mwenye hamu ya kuzungumza na mtu wa Tanga. Akanitolea daftari la kodi la enzi za Mwingereza. Mchwa walikuwa wamelisoma kabla yangu. Hakukuwa na Rubuye, ila jina lile la jumbe alilitambua: eneo lake sasa lilikuwa Kibondo.

Siku ya sita, Kibondo, juu ya magunia ya maharage ndani ya lori. Daftari la huko lilikuwa na afya. Bihagaze bin Rubuye, kodi imelipwa. Mwaka uliofuata, imelipwa. Ikaendelea hivyo hata miaka ambayo baba alikuwa Muheza akikata mkonge. Nikaamua kwamba ndugu zake walikuwa wakimlipia, nikajivunia ukoo mwaminifu.

Asubuhi ya siku ya saba nilishuka njia ya Nyabibuye, mahali palipoandikwa daftarini. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya. Makazi ya zamani yalibaki migomba tu. Njia nzima nilikariri maneno ya kutoa taarifa ya kifo. Mwenyekiti wa kijiji akaniongoza hadi kwa mzee aliyekuwa akipukuchua maharage na mkewe, akasema, "Bihagaze bin Rubuye ni huyu."

Maneno yangu yote yalinipotea. Nikaeleza hivyohivyo, nikatoa kipande. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe nimekufa," akasema. "Nilizikwa vizuri?"

Nikamjibu watu walikuwa wengi.

"Afadhali. Hapa wasingekuja."

Mkewe alicheka. Mzee hakucheka. Alikishika kipande muda mrefu, kisha akatusimulia. Walipata kuishi na kijana aliyevuka kutoka Burundi, akilima kwao kwa chakula, akilala na Bihagaze mkeka mmoja. Wakala wa manamba alipopita hakumchukua mtu asiye na risiti ya kodi. Bihagaze akampa yake, na kwa jumbe akasema imeungua.

Nikauliza jina la kijana yule.

"Tulimwita Mrundi. Kwao alipaonyesha kwa kidole tu, kule milimani. Hakupenda kuulizwa."

Milima aliyonionyesha mzee ilikuwa mingi, na yote ilifanana. Nikakaa pale na cheti changu cha shule chenye jina la Bihagaze, mtoto wa jina la kuazima. Nikasema basi msiba huu hauna mwenyewe, nitaurudisha.

Mzee akasukuma ungo pembeni. "Mwana wanje, mwanangu, jina ni langu. Amekaa nalo miaka yote hiyo, hakulitia aibu. Unataka alie nani?"

Akamtuma mkewe wembe. Alinyolewa palepale uani, na majirani waliokuwa wakienda shambani wakaweka majembe chini, wakaketi. Nami nikanyolewa. Wembe ulipofika kisogoni mzee alikuwa akilia, bila sauti. Nililala kwao siku tatu, na mimi nisiyelala ugenini sikukumbuka kitanda changu hata mara moja.

Kurudi kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Babu yangu simjui mpaka leo. Nimejifunza kwamba daftari huandika aliyelipa, haliandiki aliyelala mkeka mmoja na nani. Hilo itabidi uliendee mwenyewe.

Nyumbani nilimweleza mama yote, hata la jina. Akauliza swali moja: yule mzee alilia?

"Alilia."

Mama akainuka, akaanza kukunja mikeka ya wafiwa.