Mbega Aliyekaa Kama Mzee

Mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na minne shida iliponijua kwa jina. Baba alifariki msimu wa kukata miwa, huko Khwisero, na darasa la sita likawa ndilo chuo kikuu changu. Nikaenda kwa fundi mmoja wa Butere aliyekuwa akiandika mabango ya maduka, nikaanza kwa kumwoshea brashi. Rangi sikuisomea darasani. Usinidharau kwa hilo, maana wewe Andayi, uliyesomea sanaa hadi ukapewa cheti, ndiye umenifanya niandike haya nikiwa nimekasirika.

Juzi nilienda kuona ukuta uliochora kwenye ile hoteli mpya hapa Kakamega. Mwenye hoteli alitaka msitu wa pwani na wanyama wake. Nikakuta chui milia, yule wa rangi ya machungwa, amelala chini ya mnazi. Nilipokuuliza umemwona wapi ukanionyesha simu, ukaniambia mimi babu yako, "Kuka, si ni msitu tu?"

Chui milia wa Kenya anaishi kwenye blanketi, mwanangu. Msituni kwetu hayuko, wala pwani hayuko. Nilitaka kukueleza pale pale, lakini ulikuwa umesharudisha vile vidude vya muziki masikioni. Basi soma.

Ipo siku moja Mumias ambayo sijaisahau, nami nilikuwa kijana wa rika lako. Aliniita Mzee Juma, muuza vitambaa, mtu wa Kwale aliyeoa na kutulia huku. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa amevunjika nyonga, akaletwa atunzwe na mwanawe. Alipofika akakataa kula. Alisema kwao kuna msitu nyuma ya nyumba, hapa akichungulia dirishani anaona miwa tu, na chakula cha kwenye miwa hakimpiti kooni. Kumrudisha haikuwezekana, nyonga ile isingestahimili safari. Mzee Juma aliogopa atamzika mama yake kwa njaa na jikoni kumejaa. Ndipo akanitaka nimchoree mama msitu wa kwao kwenye ukuta wa chumba.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Pwani sikuwa nimefika, lakini niliona kazi ni nyepesi. Nikapaka kijani, nikasimamisha minazi katikati, na juu ya tawi nikamweka mbega. Huyo nilimchora kwa ufundi wangu wote, manyoya meupe yakimshuka kutoka mabegani hadi magotini. Nani Mluhya asiyemjua mbega? Tangu utotoni tulikuwa tunamwonanga kwenye sherehe, juu ya mabega ya wazee.

Mzee Juma akamkalisha mama yake kitandani. Bibi akautazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akauliza bila kutabasamu, "Mjukuu wangu, huyu ni mbega, au ni mzee aliyevaa mbega?"

Watu wa nyumba wakacheka. Mimi nikapandwa na hasira, nikamjibu kwamba kwetu kila mtu anamjua mbega.

"Mnamjua akishachunwa," akasema, akalala akiupa ukuta wangu mgongo. Sahani yake ikarudi jikoni vile ilivyokuja.

Ningeweza kubeba ngazi yangu nikaondoka, na nilitaka sana. Ile sahani ndiyo iliyonizuia. Nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Shinyalu, kila asubuhi naingia msitu wa Kakamega kuwatafuta mbega walio hai. Nikaona kitu ambacho hakuna ngozi ingenionyesha. Mbega hajipangi ili umtazame. Anakupa mgongo, mkia unaning'inia, nusu yake imemezwa na majani. Mara nyingi unachoona ni tawi linatikisika, basi.

Nikarudi Mumias, nikapaka chokaa juu ya kazi yangu yote, na safari hii nikauliza. Bibi akanielekeza akiwa amelala. Mbega wa kwao si kama wetu, akasema: manyoya marefu meupe yanaishia mabegani, na mkia ni mwembamba. Minazi ni ya mashambani mwa watu, haisimami katikati ya msitu. Chini kuna mchanga. Kuna mti unaitwa mrihi, majani yake machanga ni mekundu kana kwamba umeona haya. Nilipofika kwa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga, nikaanza kuchora uso. Akanikataza.

"Sange haonekani anakuja, huonekana anaondoka. Chora matako na majani makavu yanayoruka."

Nikachora matako. Nilipomaliza akasema kijani changu bado ni kizito, ni kijani cha watu wanaonyeshewa mvua kila siku. Halafu akamwambia mkwe wake amgeuzie kitanda kitazame ukutani, akauliza jikoni kuna nini. Kulikuwa na obusuma, ugali wetu, na mboga za kienyeji. Akala, huku akilalamika kwamba sima ya kwetu ni ngumu kama tofali. Mzee Juma alitoka nje kabla sahani haijaisha, na aliporudi akamwongezea mama yake mboga.

Sasa nisikilize. Usichore kiumbe ambaye hujamtafuta. Kama huwezi kufika kwake, mtafute mtu aliyezaliwa karibu naye, umuulize, na akijibu ufunge mdomo. Simu ikukumbushe ulichoona, isione kwa niaba yako. Pale hotelini kuna mpishi wa kike kutoka Kilifi, na hujawahi hata kumsalimia. Kesho chukua chokaa umfute huyo chui, kisha uingie jikoni kwa heshima, umwambie shikamoo, umuulize msitu wa kwao ukoje.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, akupe na watu watakaokukosoa mapema. Mimi kwa brashi nimepata nyumba ya matofali Khwisero, ng'ombe wa maziwa wawili, karakana hapa Kakamega yenye jina langu mlangoni, ngazi ndefu, ngazi fupi, na wewe.