Kikao cha Walevi wa Buger

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori lililopeleka unga, sukari na chumvi kwenye maduka ya Nainokanoka. Alikunywa gongo asubuhi kabla ya kushika usukani, na mwenye lori alimvumilia kwa sababu madereva waliokubali ile barabara ya mlimani, yenye mteremko mkali, walikuwa wa kutafuta. Uvumilivu uliisha siku alipolilaza lori mtaroni na unga wote ukanyeshewa. Akarudi Karatu kukaa kwangu, nyuma ya chumba nilichoshonea nguo. Alilala mchana, jioni akaniomba msamaha. Msamaha wake ulinichosha kuliko pombe yake.

Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba kuna watu walioacha pombe wanaokutana kusaidiana. Alizisikia kwa mfugaji mmoja huko Nainokanoka, ila mahali penyewe hakupajua. Nilimjibu kwamba walevi wakikutana hukutana kunywa. Hata hivyo nikaanza kuulizia, maana mikono yangu ilikuwa imechoka kufua mashuka yake.

Wa kwanza niliyemwuliza alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyependa sana kuulizwa mambo. Akasema kikao kipo, tuje baada ya mazoezi ya kwaya. Tulipofika, mabenchi yalikuwa yamejaa watu ambao hawajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, na mlevi mmoja tu, kaka yangu. Mzee akamsimamisha mbele, akamvua kofia kwa mkono wake mwenyewe, akaeleza kwa kirefu jinsi ini la mlevi linavyooza, kana kwamba amewahi kuliona. Akina mama wakajiziba pua kwa ncha za khanga, ingawa kaka alikuwa ameoga na shati lake nilikuwa nimelipiga pasi mimi. Kisha wakaimba wakimshukuru Mungu kwa kumwokoa ndugu yetu. Ndugu yetu alitoka pale akaenda moja kwa moja kilabuni. Sikumlaumu. Kama ningekuwa mnywaji ningemfuata.

Haikupita muda, mteja wangu mmoja kutoka Buger alikuja kupunguziwa gauni. Aliposikia mtu anakoroma nyuma ya pazia akaniuliza taratibu kama ni mambo ya pombe. Mume wake naye alikuwa hivyo hivyo, akasema, sasa kila Jumapili anakwenda kwa mjane mmoja kijijini kwao, yule aliyekuwa mpika pombe. Nikacheka. Mzee wa kanisa angalau hakuwa ameuza pombe.

Lakini kaka alikuwa amesikia. Jumapili ile aliamka kabla yangu akajinyoa ndevu, akajikata kidevuni. Tulipanda tela la trekta, kisha tukatembea.

Walikuwa wameketi kwenye magogo kando ya nyumba. Sijapata kuona kundi lililochakaa namna ile: wakulima kadhaa wenye macho mekundu, mwalimu mwenye shati lisilo na vifungo, na mfugaji aliyejifunga shuka, yule yule aliyempa kaka habari. Mjane aliwagawia uji kwa vibuyu vile vile alivyokuwa akiwauzia pombe. Nilishindwa kunyamaza.

"Mama, si wewe uliyewalewesha hawa?"

"Ni mimi," akasema. "Nawajua wote, nao wananijua. Hapa hakuna wa kumdanganya mwenzake."

Kisha akaniambia niondoke pale kwa sababu mimi sinywi. Nilikasirika. Nimemleta mtu mbali kiasi kile, nafukuzwa na mpika pombe! Nikaenda kukaa jikoni, na kwa kuwa udongo wa ukuta ulikuwa umebanduka, nilisikia yote.

Mwalimu alizungumza akilia, na mimi sikumwonea huruma hata chembe. Halafu nikasikia sauti ya kaka.

"Naogopa ule mteremko," alisema. "Bila kunywa mikono inakataa usukani. Nilianza kunywa ili niweze kushuka."

Mimi alikuwa ameniambia anakunywa kwa sababu ya baridi. Mama yetu aliambiwa ni uchovu.

Hakuna aliyempa pole. Mfugaji alimwuliza tu kama ataendesha tena. Kaka akasema hapana.

"Basi sababu moja umeipunguza," mfugaji akasema, wakaendelea na mwingine.

Alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Krismasi akalewa hadi akalala kwenye shamba la watu, nikafungasha nguo zake nimfukuze, lakini yeye alikuwa ameshaondoka kwenda Buger kwa miguu. Tangu hapo sikumwona amelewa tena. Kanisani walitangaza kwamba ni maombi yao yaliyojibiwa. Kaka hakubisha, na mimi nikahamia benchi la nyuma, karibu na mlango.

Alikodi kishamba akalima maharage, na usukani hakuugusa tena. Watu hudhani mtu akiacha pombe anageuka kuwa mwema. Kaka aligeuka kuwa msumbufu. Alikosoa pindo zangu, alilalamika kwamba chai ina sukari nyingi, na tukialikwa harusini aliondoka mapema akitaka na sisi tuondoke. Jioni aliketi mlangoni kwangu akinisimulia habari za mbolea mpaka taa ikaishiwa mafuta. Nilishona huku nikimwitikia.