Mshono wa Shingoni

Fundi Kesho alilipata jina hilo kwa haki. Ukimpelekea suruali, atakwambia njoo kesho, na ukienda atakwambia vilevile, macho makavu, kama ndiyo kwanza mnaonana. Lakini siku ukiipata suruali yako, hutaona sindano ilipopita. Pale wenzake wanapopitisha mashine yeye alishona kwa mkono na kuuzika uzi ndani ya kitambaa. Tatizo la mshono usioonekana ni kwamba hakuna anayeusifia.

Ng'ambo ya ujia mwembamba wa soko alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mkasi. Huyo walimwita Fasta. Suti ya Fasta ilitoka siku hiyohiyo na vifungo vyake vikadondoka wiki hiyohiyo, lakini wateja walijaa mpaka mlango haufungiki. Kesho aliwajua kwa visogo, maana ndivyo walivyomwonyesha siku nzima.

Kisha Fasta akaleta masanamu ya plastiki ya kuvalisha nguo, meupe, yanayong'aa. Sanamu la Kesho lilikuwa mwili wa turubai uliojazwa pamba, juu yake kichwa cha plasta. Shingo iliwahi kuvunjika, naye akaiunga kwa ngozi laini ya kahawia. Katika kazi zake zote, mshono ule ndio alioupenda kuliko mingine.

"Shem," Fasta alimwita kutoka upande wa pili, "huyo mgonjwa wako ana ruhusa ya daktari kusimama?"

Wateja walicheka. Jioni Kesho alilifunga sanamu kwenye gunia na kulitupa mtaroni nyuma ya soko, si kwa sababu halifai, bali kwa sababu hakuweza tena kuliona likitazamana na yale meupe.

Mvua ilinyesha, gunia likafunguka, kichwa kikatokeza mpaka shingoni. Mchuuzi wa mitumba aliyekiona wa kwanza hakushuka kuangalia. Alipiga picha. Kabla watu hawajamaliza chai, jiji zima lilikuwa na habari ya maiti iliyokatwa kichwa na kushonwa tena. Shule zikafungwa. Mtaa wa pili walimkimbiza daktari wa mifugo kwa kuwa alibeba mkoba mweusi, na waliomkimbiza ni wale ambao wiki iliyopita alikuwa amewatibia mbuzi.

Mkuu wa Usalama wa Jiji akafika na msafara. Alisimama mbali na tope, karibu na kamera.

"Ndugu wananchi, nimeuona mshono ule," alisema. "Hospitali zetu kubwa hazina mtu wa kushona vile. Tunapambana na bingwa."

Papo hapo akaagiza kila sindano ndefu kuliko kidole ipelekwe kituoni ikasajiliwe. Hakusema kidole cha nani. Mafundi wakajipanga na visanduku vyao, askari akawa anapima kwa kidole chake kilichofungwa bandeji.

Kesho aliyasikia hayo redioni, sahani ya chakula mapajani. Mtu mwingine angeogopa, au angecheka. Yeye alishikwa na wivu uliompandisha joto mpaka masikioni. Bingwa. Neno alilolingoja tangu ujana wake, na lilipokuja limempita na kwenda kwa muuaji ambaye hata hayupo.

"Ule mshono ni wangu," alimwambia mkewe.

"Najua. Nimeutambua kwenye picha. Nyamaza, baba watoto."

"Wanamsifia mtu mwingine."

"Wanamtafuta wamfunge."

"Lakini kwanza wamemsifia."

Askari waliolitoa sanamu mtaroni waliujua ukweli palepale, pamba ilipowamwagikia viatuni. Ila mkubwa wao alikwisha kutangaza. Basi jiji lenye watu kwa malaki likajifungia ndani kwa sababu ya pamba, wazazi wakilala na mapanga chini ya vitanda, ili mtu mmoja tu asilazimike kutamka neno nimekosea. Hilo mimi silisamehe.

Mkuu aliporudi sokoni kuhutubia, Kesho alisimama nyuma kabisa, kando ya magunia ya viazi.

"Mheshimiwa, lile ni sanamu langu. Mshono ni wangu mimi."

Watu wakageuka. Mkuu alikohoa mara moja tu, na kikohozi kilipokwisha alikuwa ameshapata la kusema.

"Ndugu wananchi, sasa naweza kuwaambia. Lile lilikuwa zoezi. Tulikuwa tunapima utayari wenu, na mmefaulu."

Waliolia jana ndio waliopiga makofi kwa nguvu zaidi.

"Na tunamshukuru fundi aliyetusaidia. Aje tumwone."

Fasta alikuwa mstari wa mbele, suti ya buluu, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Mkuu akamshika mkono, kamera zikawaka. Kesho alipofanikiwa kupenya umati, magari yalikuwa yameondoka.

"Mkono umenishika wenyewe, shem," Fasta alisema. "Ulitaka niukate?"

Ndivyo Fasta alivyopewa kazi ya kushona sare za idara nzima. Ya kwanza alilishonea sanamu, ambalo sasa limewekwa ukumbini makao makuu kama kumbukumbu ya zoezi. Kesho alivumilia kwa siku kadhaa, kisha akaenda kuuona mshono wake. Hakuuona. Kola ya Fasta ilikuwa imefungwa mpaka kidevuni.

Akanyoosha mkono akaifungua.

"Mzee, usiguse," mlinzi alisema.

"Inamkaba."

"Hilo ni sanamu."

"Juzi mlisema ni maiti."

Mlinzi akaja kuifunga mwenyewe. Kifungo kikang'oka na kumbakia mkononi, uzi wa Fasta ukining'inia. Kola ikalala wazi, na shingo yote ikaonekana, ngozi ya kahawia imekutana na plasta bila alama. Mlinzi aliinama akaikagua, kisha akamtazama mgeni wake.

"Wewe ni fundi? Nishonee hiki kabla mkuu hajapita."

Kesho alikipokea kifungo, akakigeuzageuza, akakitia mfukoni.

"Kesho," alisema, akaelekea mlangoni.