Mbao Kumi na Nne za Lori la Kobe

Saa mbili kasorobo asubuhi, nje ya lango la kiwanda cha unga. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili amepiga magoti ndani ya bodi la lori tupu, viganja sakafuni, pua inakaribia kugusa mbao. Ananusa ubao mmoja, anasogea, ananusa wa pili. Akifika kona ya nyuma, anakawia.

Madereva walio kwenye foleni wanamtazama. Mmoja anamuuliza kama amedondosha sindano. Anasogea ubao mwingine. Ana mbao ishirini na mbili za kunusa na bado zimebaki tisa.

Barabarani wanamwita Kobe, kwa mwendo wake, na kwa kuwa hulala, hula na hunyoa ndevu ndani ya kichwa cha gari. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha malori ya tajiri mmoja. Miezi saba iliyopita alinunua la kwake, la tani kumi, mtumba, kwa akiba na kiinua mgongo.

Leo ataambiwa kama lori hilo litaingia kwenye orodha ya magari ya kiwanda: safari mbili kila wiki, mwaka mzima. Akikataliwa, atarudi kwenye maegesho ya madalali wa mizigo, mahali anapopajua kuliko anavyopenda.

"Nilidhani kazi naijua," anasema akijifuta magoti. "Barabara naijua. Mzigo sikuwahi kuutafuta hata siku moja. Karani wa tajiri alikuwa ananipa karatasi, mimi nawasha gari."

Katika siku arobaini na moja za kwanza alipata mizigo minne. Siku nyingine alishinda maegeshoni akiosha lori. Alifuta vioo, akasugua rimu, akafagia bodi ambalo halikuwa na cha kufagiwa.

Hakujua kwamba alikuwa akitangaza njaa yake. Dalali husoma gari kabla ya kusoma uso wa mtu. Lenye matope mabichi limetoka kazini, na mwenye nalo ana ubavu wa kukataa bei. Linalong'aa halijatoka popote.

"Mzee, umelipamba kama bibi harusi," dalali mmoja alimwambia, "na bwana harusi hajulikani." Kisha akamtajia nusu ya bei. Kobe aliipokea. Ana watoto watatu shuleni, na wakati huo cherehani ya mkewe ndiyo iliyokuwa ikiinjika chungu.

Usafi huohuo uliomponza ndio uliokuja kumwokoa. Asubuhi moja mtunza ghala wa kiwanda cha unga, mama mwenye miwani na maneno machache, alifika maegeshoni kutafuta gari baada ya mawili ya kiwanda kuharibika. Aliyapita malori kumi na moja. Kwenye la Kobe akapanda, akainama, akanusa. Unga huvuta harufu kama pamba inavyovuta maji. Gari lililobeba samaki au mbolea halimfai. Akampa safari tatu za majaribio.

Ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili nayo ikafika salama, kilomita mia nne na sitini. Ni katika kurudi ndipo mtu mzima alipokosea.

Dereva aliyewahi kuajiriwa amekaririshwa jambo moja: gari halirudi tupu. Tajiri wa Kobe alikuwa akimnunia kwa wiki nzima anayerudi bila mzigo. Tena safarini zaidi ya nusu ya malipo huishia kwenye tangi la mafuta, na kurudi bila kitu kunatafuna sehemu kubwa ya kinachobaki. Kwa hiyo mtu alipomletea ngozi mbichi za ng'ombe zilizotiwa chumvi, alitandika turubai chini, akapakia. Hakuwa na tajiri tena, lakini alikuwa bado anamwogopa.

Alimpigia mkewe kumpa habari njema. Mkewe akasimamisha cherehani.

"Baba, ngozi inanuka."

"Nimetandika turubai."

"Wewe hata soksi zako huzisikii. Hilo turubai utalisikia?"

Maji ya chumvi yalipenya kwenye mishono ya turubai, yakazama kwenye mbao. Siku ya safari ya tatu, mtunza ghala alipanda hatua mbili, akasimama, akashuka.

"Unga hauna pua, baba," alimwambia. "Anayeula anayo." Alimpa siku kumi za kuiondoa harufu.

Siku nne za mwanzo familia nzima ilisugua: sabuni, majivu, siki, jua kali. Harufu ililala mchana na kuamka jioni. Siku ya tano mkewe, ambaye hukata na kushona vitambaa kwa riziki, alisema kiraka hakishonwi kwenye kitambaa kilichooza. Wakang'oa mbao kumi na nne na kuweka mpya. Akiba ya matairi mawili ya mbele ikaishia hapo.

Leo ni siku ya kumi, na sasa ni saa tatu. Mtunza ghala anakuja na sinia la unga. Analiweka kwenye kona ya nyuma, anaamuru turubai lifungwe pande zote, kisha anaondoka. Lori linaachwa juani kwa saa nzima.

Kobe anakaa kivulini. Simu inaita: ni dalali, ana vitunguu vya kurudi navyo kutoka huko aendako, bei nzuri. Kobe anamshukuru na kumwambia hapana. Dalali anacheka, anamuuliza tangu lini masikini akachagua.

Saa nne mtunza ghala anafungua turubai. Anachota unga kwa vidole, ananusa, anaonja. Anarudia. Anamwita kijana wa mizani naye anuse. Halafu anavua miwani na kumwambia Kobe kwamba lori limeingia kwenye orodha, alirudishe nyuma hadi kwenye mlango wa kupakilia.

"Ukibeba kinachonuka, nitajua," anasema.

"Hata mimi nitajua, mama."

Hana ndoto ya lori la pili. Kwanza matairi. Kisha anataka mzigo wa kurudi usio na harufu, na hiyo kazi ameikabidhi kwa mkewe, ambaye kati ya mshono na mshono anapigia simu viwanda vya huko mwisho wa safari, kimoja baada ya kingine. Wa magodoro wamekataa. Watengeneza madaftari wamesema apige tena Jumatatu.

Usipopatikana mzigo, atarudi na gari tupu. Anasema bado inamuuma.

Magunia yanaanza kuingia. Kobe anapanda nyuma, anainua gunia la kwanza lililokaa kwenye kona, anainama kunusa ubao ulio chini yake, kisha analirudisha.