Mboga Zilizoteremka Kuchota Maji

Ziada binti Chikoti alikuwa mkandikaji wa nyumba mjini Newala, na kila mwaka alikuwa akiibiwa. Mwizi wake hakuweza kushtakiwa popote, kwa sababu alikuwa ni mvua.

Kiangazi kizima alikandika kuta za watu kwa udongo, akazilainisha kwa kiganja, kisha juu yake akachora. Wakandikaji wenzake walichora mistari na madoadoa. Ziada alichora mboga, na mboga zake hazikulala kwenye ungo kama mboga za watu wengine. Bilinganya lilivaa kofia na kushika fimbo. Pilipili zilisimama mlangoni, mikono kiunoni, kama mawifi waliokuja na neno. Wapita njia walisimama, wakacheka, wakaondoka wakitikisa vichwa. Mwezi wa Desemba mvua ilishuka, na kulipokucha kofia ya bilinganya ilikuwa imetiririka hadi chini kwenye msingi.

Hakuwa mtu wa kulia. Ila Severina, jirani yake tangu utotoni, alikuwa akimkuta ameweka kiganja ukutani kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

"Shoga, si utachora tena mwakani?"

"Nitachora. Lakini si huyu. Huyu amekwenda."

Rangi alikuwa nazo tatu tu: nyeupe ya udongo wa bondeni, nyekundu ya udongo wa njiani, na nyeusi ya masizi ya chungu. Maisha yake yote alichora mboga, na kijani hakuwahi kukishika. Aliwahi kusugua majani ya kisamvu ukutani. Kufikia jioni yalikuwa yamegeuka rangi ya tumbaku.

Ndipo ikaja miaka ya soko huria. Duka la ushirika, lililokuwa limefungwa kwa kukosa bidhaa, likapata mpangaji: Muharami, kijana wa palepale Newala aliyekuwa amekwenda kuhangaika na biashara Masasi. Alitaka kufungua genge. Baraza la duka lile lilikuwa na kuta mbili, kushoto na kulia kwa mlango.

"Shikamoo, Mama Nurdin," alisema Muharami, akitua kikapu kizito miguuni pa Ziada.

"Marahaba, baba. Masasi wanakulisha nini? Umerudi na shingo."

"Nimerudi na kazi. Kushoto nichoree matunda, kulia mboga. Mteja akifika, asiulize." Akaanza kutoa makopo kikapuni. "Rangi ya mafuta hii. Zamani uandikiwe kibali, siku hizi inauzwa dukani kama chumvi."

"Na mvua je?"

"Mvua itaiosha uso, basi."

Ziada akabandua kifuniko cha kopo la kwanza kwa ncha ya kisu. Akakirudisha upesi, kama mtu aliyefungua kwa bahati mbaya mlango wa chumba cha watu. Halafu akakifungua tena, polepole.

Kilikuwa kijani. Si kijani cha kusugua. Kilikuwa kizito, kimetulia, kinang'aa, kijani cha mchicha alfajiri kabla jua halijaukuta, na kilikuwa kimejaa kopo zima hadi ukingoni. Alichovya kidole cha mkono wa kushoto. Usiku ule kidole kile alikilaza peke yake juu ya mto, wala hakukifunika.

Akachora. Ukuta wa kushoto aliyaketisha matunda: maembe, machungwa, mananasi, na mabibo mekundu na ya njano yakining'iniza korosho zao chini kama wazee wenye ndevu za kidevuni. Yote yalikunja nne vivulini, yakijipepea. Ukuta wa kulia alichora njia ya kuteremka bondeni kutoka ukingo wa Shimo la Mungu, pale Newala inapokatikia ghafla, na kwenye njia ile zikashuka mboga, kila moja na ndoo kichwani. Bamia walikuwa wasichana wembamba, shingo zimenyooka, hawaishiki ndoo. Nyanya alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Bilinganya, na kofia yake ileile, aliteremka kwa fimbo akilalamika. Uliweza kumwona akilalamika. Boga alikuwa ameketi juu ya jiwe, anahema.

Watu walijaa barazani. Severina alijifunika mdomo kwa kanga. "Ziada," alisema, "hivi hawa wote walikuwa ndani yako, na mimi nikikuazima mwiko kila siku?"

Muharami naye alisimama, mikono nyuma. "Nilitaka nyanya, Mama Nurdin. Sikusema nyanya yenye miguu." Lakini alikuwa akitabasamu.

Alitabasamu hadi alipokuja Mwalimu Nickson, mtu wa Kilimanjaro, aliyefundisha sayansi sekondari. Mwalimu aliitazama ile kazi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, hongera sana. Ila hawa umewakosesha kwao."

"Kwao wapi, mwalimu?"

"Kwa matunda. Kilichotoka kwenye ua, kikabeba mbegu tumboni, ni tunda. Nyanya, bamia, bilinganya, hata yule boga anayepumzika."

"Basi kesho nikuletee bamia," Severina alidakia, "umenye kama chungwa!"

Baraza zima likacheka, na mwalimu akacheka nalo. Aliomba kisu, akachukua bamia moja kutoka kapuni mwa Severina, akaikata kwa upana na kumpa Ziada kipande kiganjani. Palikuwa na nyota. Nyota kamili, na katika kila chumba chake mbegu nyeupe imelala. Ziada alikuwa amekata bamia maisha yake yote, lakini jicho lake siku zote lilikuwa chunguni.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "hii nani aliichora?"

Mwalimu alikifuta kisu, akainama kuitazama nyota pamoja naye.

Lakini Muharami alikuwa ameacha kutabasamu. Aliusikia umati umegawanyika, wengine tunda, wengine mboga, na genge lilikuwa halijafunguliwa. "Keshokutwa naanza kuuza," alisema. "Siwezi kuwa kichekesho kwa kila msomi anayepita. Ukuta wa kulia tuupige chokaa. Nitaandika MBOGA, nimalize."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya chokaa na brashi pana. Mvua Ziada alikuwa ameizoea. Mvua haimchagui mtu. Chokaa hupakwa na mkono.

Akasimama mbele ya ukuta wake.

"Baba, mwalimu amesema kweli. Nyota nimeiona. Lakini ulinipa kuta mbili, nami nikazigawa kwa ninavyojua. Hawa wa kushoto, Mungu huwanywesha mwenyewe. Mwembe nani aliwahi kuubebea ndoo? Hawa wa kulia hunywa maji yaliyopita kichwani kwangu. Bomba likikauka nateremka bondeni, napanda nayo, napikia, naoshea vyombo, na yanayobaki napeleka kwenye tuta la nyanya. Nikasema, mara moja tu, na wao washuke wachote."

Muharami alishika brashi, chokaa ikidondoka kwenye viatu vyake. Alikuwa akilitazama lile jiwe alilokalia Boga.

"Hapa," alisema, "si pale pa kupumzikia?"

"Ndipo. Mama yako alikuwa akikushusha mgongoni hapo. Ulikuwa mzito."

Muharami alisogea, akaligusa jiwe. Rangi haikuwa imekauka sawasawa, ikamshika kidoleni. "Boga limemkalia mama mahali pake," alisema, akacheka, akajifuta jicho kwa mkono uleule na kujipaka rangi shavuni. Brashi akairudisha ndooni. "Acheni washuke."

"Na papai, mama?" Mwalimu Nickson aliuliza. "Hukulichora kabisa."

"Papai limeota nyuma ya bafu, linakunywa maji ya kuogea. Huyo ni shemeji: yupo kwetu, si wa kwetu. Nitamwekea kigoda hapo juu ya mlango."

Alimwekea. Kisha akakichukua tena kile kipande cha bamia, akakitazama sana, na juu ya njia ya bondeni, mahali palipokuwa patupu, akachora nyota za alfajiri. Kila nyota ilikuwa na vyumba, na kila chumba kilikuwa na mbegu.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, ikapiga kuta za baraza mchana kutwa. Nyumbani kwake pilipili zilikwisha kutiririka, mikono kiunoni na yote. Ziada hakuzitazama. Alijitwika ndoo tupu, akaenda gengeni amelowa chapachapa.

Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao chini ya bati, wakikinga maji. Juu yao ukuta ulikuwa unang'aa kama umemalizwa saa ile. Maji yalipita juu ya nyota, juu ya shingo za bamia, juu ya kofia ya bilinganya, yakashuka kwenye ndoo zilizochorwa na kudondokea katika ndoo zenyewe. Hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Ziada aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi.

"Sogea, shoga," Severina alisema, akimpa nafasi. "Kinga na wewe. Leo wanatuletea wao."